Asia si Aswiya

Mzazi mmoja wa hapa Babati alifika ofisi ya msikiti akitaka kumbadili binti yake jina. Ameambiwa kuwa "Asia" maana yake ni muasi, na mtoto ameanza kutaniwa madrasa. Katika daftari letu Asia ni yeye peke yake.

Aliyemwambia hakuzua, amechanganya herufi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba binti wa Umar (r.a.) aliitwa Aswiya, na Mtume (s.a.w.) akambadili jina kuwa Jamila. Aswiya huandikwa kwa ain na swadi. Mzizi wake ndio uliotupa neno maasi. Asia huandikwa kwa alifu na sini, nayo yabeba maana ya kutibu na kuliwaza. Ndilo jina, kwa mujibu wa Hadithi, la mke wa Firauni, ambaye Qur'ani (66:11) imempiga mfano kwa walioamini: yumo kasrini, akaomba nyumba Peponi.

Maandishi yetu ya Kiswahili hayana ain, ndipo majina haya yanapogongana. (Na shuleni Asia ni bara!)

Nilimwandikia mzazi yule jina la bintiye kwa Kiarabu katika karatasi, mtoto aende nayo madrasa.