Uhuru wa dini ya nani?

Mwandishi, makala tamu, ila hapo uliposema Wapuritani walivuka bahari kutafuta uhuru wa dini, ngoja nikupinge kidogo. Walitafuta uhuru wa dini yao, basi. Kule Massachusetts tangu 1631 hukupiga kura kama si mshirika wa kanisa lao, na 1659 wakapiga marufuku hata Krismasi, faini shilingi 5! Mimi nimelelewa kanisa la Marafiki (Quakers), Vihiga. Nilipokuwa Boston masomoni, asubuhi moja ya baridi nilipita mbele ya bunge la jimbo nikaona sanamu ya shaba, mama ameketi kwenye benchi, mikono mapajani, theluji imemjaa hadi magotini. Kusoma jina, kumbe ni Mary Dyer, Rafiki mwenzetu, ambaye Wapuritani walimnyonga mji huohuo 1660 kwa kurudi baada ya kufukuzwa. Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Na wewe ndugu hapo juu unayesema wachungaji ndio waliokuwa serikali, sivyo. Mchungaji hakushika cheo cha serikali. Gavana na mahakimu walikuwa walei waliochaguliwa. Waliomhukumu Mary ni hao walei.