Tuache Njia Kabla ya Kujenga

Ndugu wanakijiji wa Kibimba,

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2022 walizidi 5,300,000.

Kariakoo barabara zilipimwa kwanza. Zinakatana. Moja ikizibwa, unapita nyingine. Manzese nyumba nyingi zilitangulia njia. Vichochoro vingine vinaishia ukutani. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto hupata taabu kufika.

Sisi nasi tunagawia watoto viwanja ndani ya migomba. Kila mtu akijenga apendavyo, njia ya kisimani itakuwa ua wa jirani. Mama mjamzito atapitishwa wapi usiku?

Tulizungumze katika mkutano mkuu wa kijiji. Tupime njia sasa, nazo zikutane. Kung'oa mgomba ni rahisi kuliko kubomoa nyumba.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.