Uchambuzi: GPS ya gari inajua mahali ulipo, haijui barabara imekuwaje

Shofa anayetoka Bukavu kwenda Uvira akikiomba chombo cha GPS njia fupi, kinaweza kumpeleka Rwanda. Chombo hakijakosea hesabu. Njia inayovuka Ruzizi, ikapita Bugarama na kurudi Kongo karibu na Kamanyola ni ya lami, inakwepa miteremko ya Ngomo, na kwa miaka mingi magari yameitumia. Lakini chombo hakimuulizi shofa kama ana hati za kuvuka mpaka mara mbili, kama karatasi za gari ziko sawa, wala kama mpaka umefunguliwa siku hiyo.

Mfano huo unaonyesha namna ya kukipima chombo hiki kabla ya kutoa dola mfukoni. Wauzaji husifu ukubwa wa kioo na sauti inayoongoza. Kwa msafiri wa Kivu, Ituri au Tanganyika, swali la kwanza ni jingine: kinajua nini, na ni nini hakiwezi kukijua?

Kazi yake halisi

GPS ni mfumo wa satelaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20.000 hivi. Chombo kilicho ndani ya gari hupokea mawimbi ya satelaiti zisizopungua nne, kisha hukokotoa mahali kilipo. Kwenye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya milima mirefu au chini ya miti minene kosa huongezeka.

Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu wala intaneti. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwenye barabara zetu, ambako mtandao hupotea mara tu gari linapouacha mji nyuma. Gari likiwa porini kati ya Komanda na Mambasa, shofa bado anaweza kujua yuko wapi na amebakiza kilomita ngapi.

Ila kujua mahali si sawa na kujua njia. Njia hutoka kwenye ramani iliyohifadhiwa ndani ya chombo, na ramani hiyo ilichorwa na watu, kwa tarehe fulani.

Ramani ni ya lini?

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka na lava ikakata barabara ya kitaifa nambari 2, kaskazini mwa Goma. Asubuhi iliyofuata, chombo ambacho ramani yake haikuguswa kiliendelea kuonyesha barabara ile ile kuelekea Rutshuru. Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliangamiza Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Kwenye ramani za zamani, vijiji hivyo vilibaki kama vilivyokuwa.

Kuna tatizo la kawaida zaidi. Vyombo vingi vilivyotumika Ulaya huletwa hapa vikiwa na ramani za Ulaya peke yake. Ukikiwasha Butembo, nukta inaonekana katikati ya eneo tupu. Magari yaliyotumika Japani nayo mara nyingi huja na kioo cha ramani ambacho kinajua mitaa ya huko na kuzungumza lugha ya huko. Satelaiti zinafanya kazi, ila ramani haipo.

Dawa ipo. OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, imeandika vijiji na njia nyingi za mashariki mwa Kongo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, wachoraji hao walisaidia timu za afya kuvifikia vijiji. Ramani hiyo inaweza kuwekwa katika vyombo vingi vya Garmin, na programu kama OsmAnd na Organic Maps huitumia kwenye simu bila malipo.

Vita haviko kwenye kioo

Kwenye kioo, barabara ya Goma hadi Butembo ni mstari mmoja usiokatika. Ardhini, mwaka 2025, baada ya AFC/M23 kuiteka Goma mwezi Januari, mstari huo ulikuwa umegawanywa na pande zinazopigana katika eneo la Lubero. Chombo hakijui nani anashika bariera, daraja gani limevunjika, wala ni wapi malori yamelala siku tatu kwenye matope.

Mawimbi yenyewe pia yanaweza kuguswa. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba GPS ilikuwa ikivurugwa katika sehemu za Kivu ya Kaskazini, jambo lililohatarisha ndege. Mawimbi yakizibwa, chombo hukosa mahali na shofa anajua kuna shida. Yakighushiwa, kinaonyesha mahali pa uongo bila kusita. Hilo ni baya zaidi.

Tena, chombo hutunza kumbukumbu ya safari. Mtu mwenye silaha akikikamata, anaweza kusoma ulikopita na ulikolala. Katika nchi ambamo mtu anaweza kuitwa mpelelezi kwa jambo dogo, kumbukumbu hiyo ni mzigo.

Simu inatosha?

Kwa wengi, ndiyo, mradi ramani ipakuliwe kabla ya kuondoka. Simu ina kasoro zake: betri huisha haraka, hupata joto juani, na mtu akipiga wakati wa kona, ramani hupotea. Chombo maalum husomeka vizuri juani na hakikatizwi na mazungumzo. Kwa shirika lenye magari mengi, au shofa wa lori anayevuka mpaka wa Kasindi kila wiki, gharama inaweza kuwa na maana. Huko kinapaswa kujua kwamba Uganda watu huendesha kushoto, na kwamba saa huongezeka moja, la sivyo muda wa kufika utamdanganya shofa.

Mnunuzi hapaswi kulipa kabla ya kukijaribu nje ya duka. Atafute kijiji anachokijua mwenyewe, si Kinshasa. Aangalie tarehe ya ramani na kama inaweza kubadilishwa. Azuie njia zinazovuka mipaka, aone kama chombo kinatii. Azime data ya simu, azunguke mtaa, aone kama nukta inamfuata. Chombo kikishindwa mambo hayo, uzuri wa kioo hauna kazi.

Na hata kikifaulu, hakichukui nafasi ya simu moja kwa shofa aliyeshuka jana kutoka huko unakokwenda. Yeye ndiye anayejua kama mvua ya usiku ilibeba daraja, na kama bariera ya asubuhi ni ile ile ya jana.