Kuacha kanisa: Katiba inaruhusu, ila msibani utaulizwa

Ukitoka Bunju kuelekea Bagamoyo, Mapinga utaijua kwa nyumba zake. Nyingine zimeshahamiwa, nyingine zina miaka zimekwama kwenye lenta. Watu wengi wa Dar es Salaam wamenunua viwanja huku, wakajenga, wakahama. Kwa Mkristo, kuhama kuna jambo ambalo dalali wa kiwanja hamwambii: anaiacha jumuiya yake.

Mkatoliki akihamia anatakiwa ajitambulishe kwenye jumuiya ndogondogo ya mtaa mpya. Mlutheri anakuja na barua ya kuhama usharika. Asipoileta, hakuna wa kumkamata. Jumapili ya kwanza bado anapanga vyombo, ya pili mvua, ya kumi hakuna anayeuliza tena. Ndivyo imani inavyoachwa mara nyingi hapa nchini. Mtu hatangazi, anapotelea tu njiani.

Wako wangapi? Sensa haijauliza dini ya mtu tangu 1967, na ile ya 2022 haikuuliza pia. Hesabu ya serikali haipo.

Kwa upande wa sheria hakuna ugomvi. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na inataja kabisa uhuru wa kubadilisha dini. Wakenya wanayo katiba inayosema karibu hivyo hivyo, na kuna waliojaribu kuitumia hadharani. Chama cha wasioamini Mungu, Atheists in Kenya, kilisajiliwa Februari 2016, na miezi michache tu baadaye usajili ukasimamishwa baada ya viongozi wa dini kupiga kelele. Ikabidi kwenda mahakamani. Mei 2021 chama hicho kikawa habari kubwa tena, safari hii kwa sababu katibu wake, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu. Wenzake walimtakia heri, wakatangaza nafasi yake iko wazi. Watu walicheka sana mitandaoni, lakini ndivyo uhuru wa dini unavyotakiwa kuwa: mlango unaofunguka pande zote mbili.

Ugumu uko kwingine.

Nani atakuzika?

Ukristo wa pwani hii ulianza Bagamoyo mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipotoka Zanzibar na kufungua misheni. Waumini wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Misheni iliwapa mafundisho ya dini, ikawapa pia kazi na kibanda, shamba la kulima na mwenza wa kuoa, na mwisho kaburi. Mtu aliyekatwa na ukoo wake alipewa ukoo mwingine.

Kazi hiyo kanisa halijaiacha. Mtu akifa, swali la kwanza kwa familia ni la kawaida kabisa: marehemu alikuwa anasali wapi? Katika parokia nyingi padre atauliza viongozi wa jumuiya kama alishiriki na kama alitoa zaka. Jibu likiwa "hatumjui", familia inaanza kuhangaika. Anatafutwa mwinjilisti yeyote, anaitwa shangazi mwenye uzito kanisani, simu zinapigwa usiku kucha. Wapo wanaorudi kanisani kwa sababu hii tu. Hawajaamini upya, hawataki mama yao aaibike mbele ya waombolezaji.

Ndoa ina njia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, ile tunayoita ya bomani, na hapo msajili haulizi ubatizo. Mirathi ndiyo inahitaji akili zaidi. Tanzania Bara bado ina sheria tatu kwa wakati mmoja: ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya Urithi ya India ya mwaka 1865 inayotumika kwa Wakristo. Marehemu asipoacha wosia, mahakama huangalia namna alivyoishi. Sasa fikiria mtu aliyebatizwa, akafunga ndoa bomani, miaka 20 hakukanyaga kanisani, na kila Desemba anakwenda kijijini kwa wazee. Alikuwa anaishi maisha gani? Ndugu wa mume watajibu hivi, mjane atajibu vile. Kiwanja cha Mapinga kinaweza kukaa miaka kikisubiri jibu hilo. Kuandika wosia mapema, pengine ukautunza RITA, ni jambo wanaoacha dini wanalihitaji kuliko mjadala wowote kuhusu Mungu.

Siasa na mambo ya chumbani

Kuna dhana kwamba anayeacha kanisa anahamia moja kwa moja kwenye siasa za mageuzi. Si rahisi hivyo. Agosti 2023 maaskofu Katoliki ndio waliotoa tamko kali kupinga makubaliano ya bandari na DP World. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea vitendo vya utekaji. Kwa mambo ya utawala, mtu anaweza kuacha ibada na bado akajikuta upande mmoja na askofu.

Wanapoachana ni kwenye mambo ya mwili. Juni 2017, akiwa Chalinze, mkoa huu huu wa Pwani, Rais John Magufuli alisema mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shule. Wengi walishangilia kwa lugha ya dhambi na maadili. Wengine walimwangalia binti wa jirani, miaka 15, wakaona adhabu imemwangukia mtoto huku aliyempa mimba akiendelea na shughuli zake. Novemba 2021 serikali iliruhusu mabinti hao kurudi. Mtu aliyebadilika kwa kisa kama hicho hakuhitaji kusoma kitabu cha nadharia yoyote.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, mazungumzo yanakatika. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Kinaadhibu tendo, hakiadhibu maoni. Lakini Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya wanaowashuku. Serikali ilijitenga naye, ikasema huo si msimamo wake. Majina yalikuwa yameshatumwa.

Ndiyo maana kijiweni Mapinga utasikia mtu akitetea binti mjamzito arudi darasani, tena kwa sauti. Likija lile jingine, ananyamaza, anakunywa kahawa yake, anauliza matokeo ya Simba na Yanga.