Meli Ikitia Nanga, Nani Hubaki Ndani?

JE, msomaji, umewahi kusafiri kwa basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa? Basi likifika Mtito Andei, taa huwashwa, kondakta akatangaza dakika 20, na abiria wakamiminika nje kutafuta chai na choo. Hata hivyo, hawakosekani wawili watatu wasiobanduka vitini. Mmoja amelala fofofo. Mwingine amepakata mtoto. Wa tatu angependa kushuka, lakini miguu imevimba.

Sasa lifikirie basi hilo kuwa meli yenye orofa zaidi ya 10 na abiria 3,000. Ndivyo zilivyo nyingi za meli za utalii zinazozunguka bahari ya Mediterania na visiwa vya Karibiani. Aghalabu husafiri usiku na kutia nanga asubuhi. Abiria hushuka kuzuru mji, na jioni meli ikang'oa nanga. Wengi wetu hudhani kwamba siku ya bandari kila mtu hushuka. La hasha! Wako wanaobaki, na sababu zao si moja.

Wanaobaki kwa hiari

Chukua mfano wa Roma. Ratiba ya meli huandikwa Roma, lakini Roma haina gati la meli kubwa kama hizo. Meli hufika Civitavecchia, mji wa pwani ulio mwendo wa saa moja hivi kwa gari moshi. Baba, mama na watoto wawili wakitaka kwenda Roma, watalipa nauli, watalipa kiingilio, watanunua chakula cha mchana, watapiga foleni kwenye jua kali la Agosti, kisha watarudi mbio. Aliyekwenda matembezi kivyake akichelewa, meli haimngojei.

Basi wako wanaopiga hesabu wakaamua kubaki. Hao si wajinga. Chakula cha melini wamekwisha kukilipia katika nauli. Bwawa la kuogelea ambalo jana lilijaa kama soko la Gikomba, leo lina watoto watatu. Viti vya kivulini ni tele. Wanaokanda watu misuli nao mara nyingi hupunguza bei siku hiyo, kwa kuwa wateja wameadimika.

Lakini si kila kitu hupatikana. Kasino na maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa sababu ya sheria za forodha na za kamari za nchi husika. Mwenye kubaki atosheke na kitabu, usingizi na mandhari. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Kupumzika katikati ya safari si dhambi.

Wasioweza kushuka

Kundi la pili halikuchagua. Huko Santorini, kisiwa cha Ugiriki kinachopendwa sana kwa nyumba zake nyeupe zilizojengwa juu ya majabali, meli kubwa haziegeshi gatini. Hutulia majini, na abiria wakavushwa kwa mashua. Ukifika chini ya jabali, kuna ngazi zaidi ya 500 za kupanda, au ungoje kigari kinachovutwa kwa kamba za chuma.

Mwenye kiti cha magurudumu aghalabu huambiwa hawezi kuingia katika mashua hizo, hasa kukiwa na mawimbi. Bibi aliyeweka akiba miaka kadhaa akione kisiwa hicho, huishia kukitazama kutoka sitahani huku wenzake wakimpungia mkono. Kama unapanga kumpeleka mzazi wako safari ya namna hii, usiulize bei ya chumba peke yake. Uliza kila bandari: tutashukia gatini au kwa mashua? Swali hilo moja litakuepushia majonzi.

Walio kazini

Kundi la tatu ndilo linalotugusa sisi Wakenya, kwa sababu ndani yake mna watoto wetu. Vijana kutoka Mombasa, Nairobi na kwingineko hufanya kazi katika meli hizi: jikoni, vyumbani na kwenye baa. Mikataba yao mara nyingi huwa ya miezi sita hadi tisa. Usione vyaelea, vimeundwa. Na wanaoviendesha hawaonekani.

Abiria wakishuka, kazi haishi. Vyumba husafishwa, vyakula hupakiwa, kuta hupakwa rangi. Isitoshe, kanuni za kimataifa zinataka wafanyakazi wa meli za abiria wafanye mazoezi ya kuzima moto na ya kutumia mashua za kuokolea maisha kila wiki, na siku ya bandari ndiyo mwafaka. Tena lazima wabaki wafanyakazi wa kutosha ili moto ukizuka pasikosekane wa kuuzima, kwa hivyo hubaki kwa zamu.

Kuna pia suala la vibali. Marekani, mathalan, humtaka baharia wa kigeni awe na viza ya mabaharia ndipo akanyage nchi kavu. Asiye nayo huuona mji wa Miami kupitia dirishani.

Sheria ipo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013 na kuidhinishwa na Kenya 2014, unampa baharia angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24. Unampa pia ruhusa ya kushuka pwani kwa ajili ya afya yake, mradi kazi iruhusu. Lakini hilo neno "mradi" ni pana kama bahari yenyewe.

Tofauti kati ya abiria na mfanyakazi ilijitokeza wazi Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama, Japani, kwa ajili ya Korona. Ndani mlikuwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria waliamriwa wakae vyumbani. Wafanyakazi waliendelea kupika na kuwapelekea chakula mlangoni, kisha wakaenda kulala katika vyumba vya pamoja. Wote walikuwa wamefungiwa bandarini, lakini hawakufungiwa sawa.

Basi tufanyeje?

Kwako mama au baba mwenye mtoto melini: akikupigia simu kutoka Naples, huenda amepewa saa mbili tu, na amezitumia kutafuta mtandao karibu na lango la bandari ili asikie sauti yako. Usizimalize kwa karo, paa la nyumba na deni la binamu. Mwulize kwanza: umelala? Umekula? Umeshuka leo?

Kwako mwanafunzi unayeitamani kazi hii: kabla ya kutia sahihi, uliza saa za kazi, saa za kupumzika na siku za kushuka. Na ajenti akikudai pesa ili akupatie kazi, jihadhari. Mkataba huo huo umekataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama kama za pasipoti na cheti cha afya ndizo zinazoweza kuwa juu yako.

Na kwetu sisi wenyeji: msimu wa kaskazi meli hizi hutia nanga Kilindini. Abiria huenda Fort Jesus, wengine Tsavo, na wachonga vinyago na madereva wa teksi hulalamika kwamba wako waliobaki ndani na pesa zao. Malalamiko yao yana haki. Mtalii anayeweza kutembea angeshuka japo nusu saa, anywe dafu na kununua leso.

Lakini yule kijana wa Kifilipino au Kihindi anayechungulia kutoka dirisha dogo la chini karibu na maji, naye angependa kushuka. Siku akipata nafasi na kukuuliza njia, mwonyeshe kwa upole. Mahali fulani, katika bandari usiyoijua, mtoto wa Mkenya mwenzako anauliza njia vivyo hivyo.