Tazama Taa Kabla Hujapanda Boda

Wanachuo wenzangu, mimi nasoma mwaka wa tatu na jioni naendesha boda, maana bumu halifiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo haya ninayosema yananihusu mimi kwanza.

Muhula uliopita globu yangu iliungua upande wa dimu. Fundi akaniambia, "Badilisha leo leo." Nikamjibu nitabadilisha wikiendi. Globu nyingi za pikipiki zetu zina nyaya mbili ndani, moja ya dimu na moja ya fulu. Ikikatika ya dimu, fulu bado inawaka, basi unajidanganya kwamba taa unayo. Usiku wa tatu, barabara ya kutoka maktaba kwenda hosteli, jamaa aliyekuwa anatembea kwa miguu alijikinga macho kwa daftari, akakosa pa kukanyaga, akaingia mtaroni. Kiwiko kilichubuka, simu ikapasuka kioo. Alinitukana, na alikuwa na haki. Kesho yake nikanunua globu mpya kwa bei isiyozidi sahani ya chipsi mayai.

Watu wanadhani hatari ni boda asiye na taa tu. Mwenye fulu muda wote anaona vizuri yeye, wengine anawapofusha. Na wale wanaochomeka LED ya bei chee kwenye taa iliyotengenezewa globu ya kawaida ndio wameharibu kabisa, mwanga unatawanyika kila upande.

Kubadilisha si kazi kubwa. Zima, acha ipoe, shika globu kwenye kitako au kwa kitambaa safi. Zile za halojeni hazitaki mafuta ya vidole kwenye kioo, zinawahi kuungua. Ukimaliza, simamisha pikipiki kama mita tano kutoka ukutani, ukalie, uwashe dimu. Mwanga uangukie chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Ukipanda juu, shusha taa.

Sasa abiria, msijifanye hamhusiki. Mnang'ang'ania mshikaki ili mchangie nauli, lakini uzito ukizidi nyuma, mbele inainuka, na ile taa niliyoipima vizuri inamulika watu usoni. Nauli mtabishana nami hadi nichoke. Mwaka wa pili huu napakia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Washa dimu nione."

Pale getini boda tunaandikishwa namba, taa haiangaliwi na mtu. Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: ule ukuta ulio jirani na kijiwe upigwe mstari mweupe, na kila boda apime dimu yake pale jioni kabla ya kupakia. Rangi nitanunua mimi.