Mmea Haufundishwi Baridi

Katika mazoezi ya kufundisha husikika mara nyingi sentensi hii: "Mmea umezoea baridi, kwa hiyo watoto wake nao wataistahimili." Ni sentensi nyepesi, nayo yapendeza masikioni, lakini ndani yake mna kosa ambalo limewahi kuligharimu taifa kubwa.

Katika Muungano wa Kisovieti, miaka ya 1930, Trofim Lysenko alidai kwamba ngano ikitiwa baridi hubadilika, na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa na kizazi chake. Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu za mazao kutoka pande nyingi za dunia, alimpinga. Alikamatwa mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya urithi ilipigwa marufuku nchini humo.

Ukweli ni huu. Ngano ipandwayo kabla ya majira ya baridi huhitaji majuma kadhaa ya baridi ndipo itoe masuke. Baridi hiyo huiamsha jeni iitwayo VRN1, nayo huufungulia mmea njia ya kuchanua. Jeni nyingine, za kundi la CBF, huuwezesha mmea kujikinga na barafu. Lakini mbegu zake zikipandwa, huhitaji baridi upya. Mmea mmoja huzoea; kizazi hurithi jeni, hakirithi mazoea. Ngano ya nyanda za Hanang haidai baridi hiyo, si kwa sababu ilifundishwa joto, bali kwa kuwa wanadamu walichagua aina zenye jeni za namna nyingine.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni zito mno kwa mtoto wa darasa la tano. Sikubaliani nao. Pandeni maharage ya aina moja, mstari mmoja penye rutuba, wa pili penye kokoto. Msimu ufuatao chagueni mbegu za ukubwa ule ule kutoka mistari yote miwili, mzipande katika udongo mmoja. Watoto na waone wenyewe kwamba wana wa mmea uliodumaa hawakurithi udumavu. Kisha na wawaulize wazee wao kwa nini huchagua mbegu kabla ya kupanda.

Ndugu wanachuo, isahihisheni sentensi ile mapema. Mtoto aliye mbele yenu huenda akawa mkulima kesho. Akiamini kwamba mbegu hufundishika, ataacha kuichagua.